Kona ya Kushoto

Skuta ya Aikande ina miezi saba.
Kiti bado kina nailoni yake,
na tayari inazimika.

Si kila siku. Ingekuwa kila siku ningeshukuru.
Inazimika akipanda Uru kwa zamu ya usiku,
kwenye kona ile ya kushoto, chini ya kanisa:
taa, honi, dashibodi, vyote kwa mpigo,
kama mtu aliyekatizwa katikati ya jina lake.
Akishuka kuikokota, inawaka.

Ameipandisha kwenye kirikuu hadi Arusha mara mbili.
Kule dukani, sakafu ya vigae, feni juu,
wakabonyeza swichi: ikawaka.
Wakabonyeza tena: ikawaka.
Wakaandika kwenye karatasi yenye nembo
HAKUNA TATIZO
na kumpa maji ya chupa.

Sasa iko kwangu Pasua, chini ya bati,
na juu ya kifuniko cha nyaya pana stika ya fedha,
ndogo kuliko ukucha.
Ikichanika, waranti imekufa.
Miaka kumi na minne nimefungua kila kilicholetwa hapa.
Leo nimeletewa mgonjwa aliyevaa koti
na siruhusiwi kumgusa kifungo.

Basi nauliza.
Huzimika ikiwa baridi, au ikishapata moto?
Masika tu, au hata jua likiwaka?
Begi la ukunga unalitundika upande gani?
Anajibu kama anayehojiwa kituoni,
halafu anacheka: "Fundi Mgonja,
hivi ndivyo mimi ninavyowasumbua wajawazito."

Betri: kumi na mbili nukta sita. Nzima.
Fyuzi tatu nazielekeza kwenye mwanga, moja moja,
kama mama yangu alivyokuwa akipima mayai ya kuatamia.
Zote nzima.
Rilei inagonga, tak, haina neno.
Nachomeka ncha za mita nyuma ya soketi ya taa,
mahali ambapo hawakukumbuka kubandika stika,
nashika usukani.
Kulia: kumi na mbili.
Katikati: kumi na mbili.
Kushoto, polepole, kama ninayefungua mlango
wa chumba alicholala mtoto,
kumi na mbili,
kumi na mbili,
kumi na

sufuri.

Nimerudia mara tisa.
Kijana wa banda la pili aliacha pancha yake
akaja kuitazama sufuri yangu.

Liko shingoni. Waya unabanwa na chuma kila akikata kona,
nyuzi za shaba zimekatika ndani,
na ganda la nje linang'aa, halina hata mchubuko.
Ningemaliza kwa dakika kumi: kisu, risasi ya kuchomea,
mpira wa kukaza. Vidole vyangu vimeshaanza.

Stika iko vidole viwili kutoka hapo.

"Kata tu," anasema. "Nimechoka."
Nasema imebaki miezi mitano.
Kesho ikifa ile kompyuta ndogo chini ya kiti,
laki sita, nani atazitoa?
Anaitazama saa yake ya kubana kifuani.
Muuza maandazi anapita, hatumwiti.

Nimechukua karatasi yao, ile yenye nembo,
nikaandika mgongoni mwa HAKUNA TATIZO
kwa herufi kubwa, nisije nikadhaniwa nabahatisha:
WASHA. GEUZA USUKANI KUSHOTO HADI MWISHO.
SUBIRI.
Sikuweka jina. Fundi wa chini ya bati
akiweka jina, watasema ndiye aliyeharibu.

"Mpaka Jumatatu," nimemwambia,
"kona ile ipite kwa upana,
kama unamkwepa anayekudai."

Akauliza bei.
Sikufungua hata skrubu moja.
Nikasema elfu tatu,
za kuuliza.